Mchanga wa Nyuma ya Ukuta

Athi River,
16 Januari 2000

Mpendwa dada Pauline,

Pokea salamu nyingi kama mchanga wa baharini, kama tulivyofundishwa kuandika shuleni, ingawa bahari yenyewe mimi na wewe hatujaiona. Carol anakusalimu. Mtoto ameota meno mawili na ameyajaribu yote kwenye kidole changu. Je, shemeji Nzioka bado anasema atang'oa lile jino lake wiki ijayo?

Mimi ni mzima ila kazi iliisha. Kiwanda kilitupunguza mwezi wa Septemba, watu arobaini siku moja. Sikukuandikia kwa sababu sikutaka ujue kabla sijapata la kukuambia. Sasa nimelipata. Miaka kumi na moja nimeshika bomba la kupigia chuma mchanga kwa upepo wa kompresa, mpaka kutu na rangi ya zamani vinatoka na chuma kinabaki cheupe. Hakuna kazi nyingine ninayoijua vizuri. Kwa hivyo nimenunua kompresa kuukuu, fundi akanitengenezea mtungi na bomba, na nyuma ya nyumba nimezungusha maturubai. Watu wananiletea mageti, rimu za magari na vitanda vya chuma.

Shida ni kitu cha kupigia. Kiwandani tuliletewa magunia yamefungwa, hatukuuliza yametoka wapi. Hapa nyumbani naona kazi yote iko hapo. Mchanga unaouzwa kando ya barabara una udongo, unaziba bomba. Vumbi la kokoto la Lukenya ni kali lakini lina unga mwingi. Nikipiga dakika tano silioni geti wala mkono wangu. Nilisaga chupa. Chupa zinasafisha chuma vizuri sana, ila vipande viliruka turubai vikaingia kwenye nguo zilizoanikwa, na Carol, ambaye si Mkamba, siku hiyo alinitukana kwa Kikamba safi.

Dada, wewe ndiwe uliyenilea tangu mama alipotuacha nikiwa darasa la sita. Nakumbuka mchanga wa mto hapo chini ya nyumba yako ulivyonikwaruza magoti. Nitumie wa kujaribu, kidogo kidogo kutoka sehemu mbalimbali, na uniandikie kila mmoja umetoka wapi. Mpe jirani yenu Wayua anayefanya kazi huku, ataniletea.

Ni mimi mdogo wako,
Levi

Kola,
9 Februari 2000

Kwako Levi,

Barua yako imekaa posta siku kumi na mbili kwa sababu Aloys wa duka, ambaye hutuchukulia barua, alishikwa na mafua. Tuko salama. Jino la Nzioka bado liko, na yeye bado anasema wiki ijayo. Mvua ya Novemba ilitupa maharagwe kidogo na mahindi ya kuchoma tu. Mbuzi mweupe amezaa pacha.

Nimekasirika kwamba umekaa miezi minne bila kazi na hukuniambia. Basi, hilo tuliache.

Nimekutumia mikebe mitatu ya mafuta ya Kimbo iliyojaa mchanga, nambari nimeziandika kwenye vifuniko. Nyuma ya karatasi hii nimekuchorea ramani: barabara kutoka sokoni, duka la Aloys, nyumba yangu, mto, na alama mahali kila mkebe ulipotoka. Nimechora kila kitu kwa sababu hujakanyaga huku miaka mitatu na najua umesahau njia.

Nambari moja ni ya kwenye kona ya mto, chini ya miamba. Nambari mbili ni ya nyuma ya ule ukuta wa mtoni. Nambari tatu ni ya korongo la barabarani. Kila mmoja niliusugua kiganjani karibu na sikio, kama tunavyochagua mchanga wa kujengea. Mzuri hulia, wenye udongo hunyamaza. Kisha niliuosha, nikauanika juu ya gunia na kuuchekecha. Nimeongeza mfuko wa magunzi yaliyosagwa, maana bibi yetu alisugua sufuria kwa gunzi na zikang'aa. Nilipoyapeleka kwa kinu cha posho, mwenye kinu aliniangalia kwa huruma. "Mama Pauline, kwani njaa imefika hapo?"

Sasa unisikilize juu ya nambari mbili. Hiyo ni ya kuonja tu. Ule ukuta tuliujenga sisi wanawake wa mwethya, kikundi chetu cha kazi ya pamoja, mwaka wa 1996, leo mawe haya, kesho saruji ile, tukibeba mgongoni na ukanda kwenye paji la uso. Ulipouona mara ya mwisho ulikuwa ukuta mtupu, ukatucheka kwamba tumezuia mto usiokuwa na maji. Mvua ya El Nino ikaujaza mchanga mpaka juu. Maji yamejificha ndani ya mchanga huo. Jua haliyafikii, ng'ombe hawayachafui. Kiangazi chote tunachimba shimo linalofika kiwiko na tunateka, familia thelathini na moja. Huo mchanga ndio tangi letu. Hatuuzi, hatujengei, hata wa kaburi hatuchoti hapo.

Dada yako,
Pauline
(Karani wa mwethya, usisahau.)

Athi River,
5 Machi 2000

Dada mpenzi,

Wayua aliniletea mikebe yote mizima, Mungu ambariki. Mtoto sasa anatambaa na amekula mchanga kidogo wa mkebe wa tatu. Carol anasema mke atakayemwoa hatapata shida ya kumpikia.

Haya matokeo, na uyasome kama karani. Magunzi kwanza. Nilipiga geti lenye kutu, na kutu ikabaki pale pale ikinitazama. Lakini nilipojaribu mlango wa mbao, rangi ilitoka yote na mbao haikuumia. Kwa hivyo usimcheke mwenye kinu, magunzi yana kazi yake. Mkebe wa kwanza ni mkali, ila punje zake zinavunjika zikigonga chuma. Unapiga mara moja umekuwa unga, na vumbi lake lilinikohoza siku mbili. Kiwandani walitupa pakiti ya maziwa kila siku ya kutoa vumbi kifuani. Hapa Carol ananiambia maziwa ni ya mtoto. Mkebe wa tatu tumeupandia maua.

Dada, mkebe wa pili! Mafuriko yameuosha na kuuchekecha kuliko mashine yoyote. Punje zote ukubwa mmoja, ngumu, safi. Nilipiga rimu moja, nikauzoa, nikaupiga tena, nikauzoa tena, bado una nguvu. Rimu ilibaki nyeupe kama sahani. Nilikaa chini nikaitazama, na kwa mara ya kwanza tangu Septemba nilijiona fundi.

Huwezi kunipatia pick-up moja tu? Moja, dada. Mchanga wa mto mzima, nani atajua?

Wako,
Levi

Kola,
26 Machi 2000

Levi,

Sisi hatujambo. Mvua tunaisubiri, mawingu yanakuja kutusalimia na kwenda zake. Mwezi wa sita tukijaliwa tutampeleka mtoto wa Mueni, mwenzetu wa mwethya, kutoa ntheo, wale mbuzi wa posa, huko Katelembo. Mmoja wa wale pacha wa mbuzi mweupe atakuwa kati yao, nimemtoa kwa jina lako, usiniulize.

Jibu ni hapana. Hapana kwa pick-up, hapana kwa mkokoteni, hapana kwa ndoo. Unauliza nani atajua? Mimi nitajua. Na Kalunde, mwenyekiti wetu, anajua mchanga ule kama anavyojua mboga zake. Ukichimba shimo pale katikati, maji yote yanakimbilia hapo, jua linayanywa, na tumekwisha.

Nimezungumza na akina mama, hawakukataa kukusaidia. Kuna mchanga mwingine chini ya daraja. Tutauosha mara mbili, tuuchekeche kwa wavu wa dirisha, tuutie kwenye magunia. Hautakuwa kama ule, lakini utakula kutu. Ukitaka, andika.

Na maziwa, Levi, yanaenda tumboni. Kifua kina njia yake. Nenda hospitali wakupime, na ukipiga huo mchanga ufunge pua na mdomo.

Nataka uniandikie kwa mkono wako kwamba mchanga wa nyuma ya ukuta hutaugusa. Wanawake wameniuliza kwa nini niliuchota mkebe mzima, na nataka kuwa na jibu.

Pauline

Athi River,
23 Aprili 2000

Dada yangu mpenzi,

Heri ya Pasaka! Sisi tulikwenda kanisani, mtoto akapiga kelele kuliko mhubiri. Goti lako likoje? Nimekutafutia dawa ya kuchua, nitaituma.

Umeniaibisha, na ulifanya vizuri. Naandika kwa mkono wangu, mbele ya Mungu na siku hii ya Pasaka: mchanga wa nyuma ya ukuta sitaugusa, hata punje moja. Wasomee akina mama. Waambie Levi ni mtoto wao, alikunywa uji katika nyumba zao.

Kuna habari njema. Bwana mmoja mwenye ng'ombe huko Lukenya amenipa matangi kumi na mawili ya maji, yote ya chuma, yapigwe mchanga na kupakwa rangi kabla Juni haijaisha. Nikiyamaliza vizuri ana rafiki zake wengine. Hii kazi ndiyo itaonyesha kama mimi ni fundi au ni mtu aliyefukuzwa kiwandani. Mchanga wa chini ya daraja nashukuru, lakini msijisumbue, nitapata njia huku huku.

Ile ntheo ya mtoto wa Mueni ni tarehe ngapi hasa? Na ni nani wataenda? Nataka kutuma leso na sukari, nisije nikatuma chache.

Mdogo wako,
Levi

Kola,
14 Mei 2000

Mpendwa Levi,

Leo nakuandikia nikiwa na furaha. Barua yako ya Pasaka niliisoma mkutanoni, pale penye "hata punje moja" nikasoma mara mbili. Kalunde akasema, "Kumbe huyu kijana ulimlea." Nilijivuna, sitakudanganya.

Ntheo ni Jumamosi, tarehe kumi Juni. Tunaondoka asubuhi na mapema, kikundi kizima, maana Mueni ndiye aliyebeba mawe mengi kuliko sisi wote na hatuwezi kumwacha aende na watu watatu. Nzioka atakuwa msemaji, na jino lake hilo. Wanaume wote wa huku chini watakuja na watoto tutawabeba. Hapa watabaki kuku tu. Leso usitume nyingi, tuko thelathini na moja lakini tatu zitatosha, za mama wa bibi arusi na dada zake.

Mvua imetunyima kabisa. Mahindi yamekauka yakiwa kimo cha goti. Tunateka bado, lakini shimo sasa linafika bega, unalala kifudifudi ndipo kikombe kifike. Tukichota kwa mpango maji yatatufikisha Novemba. Kalunde ameweka zamu na hakuna aliyegombana, nami naandika zamu hizo kwenye daftari.

Nakuombea kazi ya matangi.

Dada yako,
Pauline

Kola,
13 Juni 2000

Levi,

Sina salamu ndefu. Jumamosi tulipokuwa Katelembo tukila mbuzi na kuimba, malori yalikuja. Matatu. Yalienda na kurudi, hatujui mara ngapi. Tulirudi jioni tukakuta alama za magurudumu mpaka mtoni, na nyuma ya ukuta kuna shimo ambalo nyumba yangu ingeingia na bati lake. Wameuchota mpaka udongo wa chini. Maji yaliyokuwa yamejificha yamejitokeza yote juani, na asubuhi ya Jumapili tulikuta ng'ombe wamesimama ndani.

Mueni alikaa chini na nguo zake za sherehe. Mimi nililia, Levi, mbele ya watu.

Wewe unajua wenye malori wa huko. Tafadhali uliza, ni akina nani wanaochota huku Kola? Huenda wameuza kwa watu wa kujenga hapo Athi River. Jibu haraka, usingoje Wayua, tumia posta.

Pauline

Athi River,
2 Julai 2000

Mpendwa dada,

Nimepata barua yako. Pole, pole sana. Siku hizi wezi wa mchanga wamezidi, hata magazeti yanaandika. Mripoti kwa chifu.

Huku tuna mgao wa stima, inakuja na kwenda inavyotaka, kompresa inalala siku tatu. Bahati nzuri matangi yalikuwa yamekwisha kabla haijaanza. Bwana wa Lukenya alipita akiyagonga moja moja kwa kidole, akanipa mkono. Mtoto amesimama peke yake, hatua mbili, akaanguka. Carol anakusalimu. Nimetuma leso tatu na dawa ya goti, uchue asubuhi na jioni.

Nina shughuli kidogo, nitaandika kwa kirefu.

Levi

Kola,
18 Julai 2000

Levi,

Mara hii sitakuandikia salamu nyingi kama mchanga. Unajua kwa nini.

Nilikuuliza swali moja, ukanijibu juu ya goti langu. Barua yako niliisoma mara tatu nikitafuta mahali ulipokasirika. Mtu akisikia dada yake ameibiwa hukasirika. Wewe ulinipa pole kama mtu anayepita njiani. Hata hivyo nilikutetea moyoni. Nilisema kazi ni nyingi, stima hakuna, mtoto mdogo.

Juzi Aloys wa duka aliniita. Alikuwa amefunga mlango nusu, akashindwa kuniangalia. "Pauline, kuna kitu niko nacho tangu ile Jumamosi, nimeogopa kukupea." Akatoa karatasi chini ya mizani. "Dereva alikuja akakunywa soda, akaweka hii hapa, akauliza kwa ukuta ni mbali? Mimi nikajua ni wageni wako, si hii ni mwandiko yako? Nikamwonyesha njia. Akasahau karatasi." Na akaanza kulia, mzee mzima.

Ilikuwa ramani yangu. Ile niliyokuchorea mwezi wa pili, na nyuma yake barua yangu, mbuzi mweupe amezaa pacha. Dereva wa lori amesoma habari za mbuzi wangu. Nambari mbili imezungushwa wino mwekundu, na chini yake kumeandikwa: "Jumamosi tarehe 10, kuanzia asubuhi, hakuna mtu."

Mwandiko huo naujua. Niliufundisha mimi, kwa kijiti, kwenye vumbi la uwanja wa baba, kabla hujavaa kaptula ya shule.

Kwa hivyo hukutaka tarehe ili utume leso. Ulitaka kujua ni siku gani tutakuwa tumewaacha kuku peke yao. Nilikupa habari za nyumbani kama mtu anavyompa ndugu yake, na wewe ukampa dereva. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilidhani ni methali ya watu wengine.

Umeniumiza, Levi. Nataka uniambie kwa mdomo wako: ni wewe, au si wewe?

Pauline

Athi River,
20 Agosti 2000

Dada yangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi na kuichana. Carol hajui chochote, naomba abaki hivyo.

Ni mimi, lakini si vile unavyofikiri. Nilitaka lori moja tu. Nilijaribu mchanga mwingine wote, naapa. Tangi la kwanza nililipiga kwa mchanga wa barabarani, likatoka na madoadoa, bwana akaliangalia akasema atatafuta mtu mwingine. Nilibakiwa na wiki tatu. Kilonzo mwenye malori akakubali kunibebea, ila alitaka na yeye wake wa kuuza. Nilimwambia achukue pembeni, asiguse katikati. Alikuja na malori matatu, mimi sikuwepo, ningemzuiaje? Yeye ndiye aliyewaharibia. Nilipata barua yako nikashindwa kula.

Mchanga hurudi, dada. Mvua ikinyesha mto utauleta tena. Kwa wakati huu nitawanunulia tangi la plastiki, kazi nyingine zikija. Nimepata mengine sita kwa sababu ya hayo ya kwanza. Ungeyaona, ungejivuna.

Kifua hakijapona. Nimekwenda hospitali kama ulivyosema, wamenipiga picha, majibu bado.

Nakuomba kitu kimoja. Waambie akina mama ni wezi tu, kama wezi wengine. Hawana haja ya kujua zaidi. Barua hii ukishaisoma uichome, pamoja na ile karatasi ya Aloys. Wewe ni mama yangu na dada yangu. Damu ni nzito kuliko maji.

Mdogo wako anayekupenda,
Levi

Kola,
10 Septemba 2000

Levi,

Nzioka hajambo, jino limeng'oka lenyewe akila muhogo. Mbuzi mweupe tumemuuza, hakukuwa na cha kumnywesha. Mtoto wako namsalimu, na Carol.

Kifua chako kinanitia hofu. Majibu yakija niandikie hata kama umenikasirikia. Acha mchanga kabisa, piga magunzi, tafuta kazi za mbao. Hilo nakwambia kama mtu aliyekufunika blanketi ukiwa na surua, na halihusiani na haya mengine.

Haya mengine ni haya. Unasema mchanga hurudi. Uliletwa na mvua ya El Nino, mvua ambayo bibi yetu hakuwahi kuiona mfano wake. Kwa mvua zetu hizi za kawaida, tukizipata, ni miaka mitatu, minne. Unasema Kilonzo. Kilonzo simjui, hakunywa uji hapa. Unasema ulitaka lori moja tu. Levi, mimi nilikataa ndoo. Na umeniandikia kwamba damu ni nzito kuliko maji, ukituma maneno hayo kwa watu wasio na maji.

Barua yako sikuichoma. Nilikaa nayo siku nane. Siku ya tisa ilikuwa mkutano, hapo hapo ukutani, na Kalunde akauliza kama kuna mwenye habari yoyote ya malori. Nilisimama nikasema mimi ninayo. Wengi wao hawajui kusoma, karani wao ni mimi, kwa hivyo hakukuwa na mtu mwingine wa kusoma. Nilianza na barua yako ya Januari. Nilizisoma zote, na salamu zake, na meno ya mtoto, na goti langu. Pale ulipouliza ntheo ni tarehe ngapi, Mueni alijifunika uso kwa leso, moja ya zile tatu ulizotuma sherehe ikiwa imeshapita. Pale uliposema niichome nilisoma pia, mpaka jina lako.

Hawakunipigia kelele. Ningependa wangepiga. Kalunde alisema, "Pauline, wewe hatuna shida na wewe. Lakini hiyo kalamu rudisha." Nikamrudishia, na daftari. Kisha wakasema mwethya haitakuja shambani kwangu mwaka huu wala mwaka ujao. Matuta yangu tutachimba mimi na Nzioka. Tangi lako la plastiki wamesema ubaki nalo.

Maji yaliyobaki ni kishimo kimoja chini ya ukuta. Wamekitenga kwa wazee na kwa wanaonyonyesha, na mimi si mmoja wao. Sisi wengine tunakwenda mpaka bomba la misheni, saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, debe moja kwa siku. Debe hilo tunapikia, tunanawa, tunakunywa mimi na Nzioka, na kuku. Zamani nilikuwa nawaza jinsi nitakavyokukaribisha siku ukifika na mtoto, nikupe maji ya mkebe kabla hujaketi, kama mgeni wa heshima.

Sikufukuzi. Mlango huu ni wako, siwezi kuwa na mdogo mwingine. Lakini ukija Krismasi, njoo na maji yako.

Pauline